Roboti ibaki kabatini kwanza

Mwalimu mgeni, karibu. Najua umekabidhiwa kale karoboti kenye umbo la nyuki, Bee-Bot, na mkono unakuwasha ukawashe. Kaache kabatini wiki mbili.

Mimi sikukaacha. Nilikuwa na P1, yaani darasa la kwanza, hapa Busia, Uganda, watoto zaidi ya sitini na roboti moja. Nikaiweka sakafuni siku ya kwanza. Wa mbele wakaivamia, wa nyuma wakapanda madawati, na kipindi kilipoisha, aliyefaidi ni mwenye viwiko vikali tu.

Sasa naanzia uwanjani. Nachora miraba mavumbini kwa kijiti, mtoto mmoja anakuwa roboti, wenzake wanamwamuru: mbele, mbele, geuka kulia. Sharti ni moja: roboti hafikirii. Akiambiwa mbele naye kafika ukutani, anaugusa ukuta na kusimama hapo hapo. Watacheka sana, lakini wataanza kuchunga maneno yao. Seymour Papert, mmoja wa waliobuni Logo, lugha ya kompyuta ya kufundishia watoto, mwaka 1967, alikuwa na wazo kama hilo: kabla ya kumwendesha kobe wa mashine, yaani roboti wa Logo, mtoto atembee yeye mwenyewe kama kobe.

Kazi kubwa ni kulia na kushoto. Roboti akikutazama, kulia kwako ni kushoto kwake, basi anayeamuru asimame nyuma yake. Nilikuwa nikisema "kulia ni mkono wa kulia posho" (ugali) mpaka nikapata mtoto anayekula kwa kushoto. Tangu hapo nawafunga uzi wa mgomba kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Wakisema "ddyo" na "kkono", kulia na kushoto kwa Kiganda, waache. P1 mpaka P3 lugha ya nyumbani ni ya darasani pia.

Ukiitoa hiyo roboti, jua mambo matatu. Hatua yake moja ni sentimita 15, kwa hiyo mkeka wake ni gunia lililopasuliwa na kuchorwa miraba ya kipimo hicho. Na ikigeuka, inageukia palepale, haisogei. Watoto wengi hudhani kugeuka ni kwenda, na hapo ndipo safari nyingi hupotelea. Halafu ina kumbukumbu: usipobonyeza kitufe cha kufuta, amri mpya zinapangwa nyuma ya zile za zamani. Wangu walipiga kelele kwamba imerogwa. Nami, mtu mzima, nikaamini imeharibika, nikairudisha kwenye boksi wiki nzima.

Ikipotea njia, mikono yako iweke mgongoni. Kata maboksi uyafanye kadi za mishale, wazipange sakafuni kabla ya kubonyeza. Roboti ikitembea, mmoja afuate kadi kwa kidole. Inapoachana na kadi, asimamishe. Uliza "imepotea hatua ya ngapi?" Ukiuliza nani kakosea, watamsonta aliyebonyeza, na kesho hatabonyeza tena.

Vikundi vya watano, zamu zibadilike kwa kengele. Wanaongoja wape ubao wa omweso, bao la Uganda. Ule kamili una mashimo 32 na kete 64. P1 waanze na safu moja, wadondoshe kete moja moja. Hilo nalo ni kufuata amri kwa mpangilio.

Na usalama: ukitumia pia vichezeo vya taa, vile vibetri vyake bapa kama kitufe vihesabu unapogawa na unapokusanya. Mtoto akikimeza, kinaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili. Hospitali moja kwa moja.

Mzazi atakuja kuuliza michezo hii itamsaidiaje mwanawe kwenye PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Usimhutubie, mpeleke uwanjani aongoze roboti mtoto. Baba mmoja, dereva wa boda, alimgongesha mwanawe ukutani mara tatu, akavua kofia, akaomba ajaribu tena.