Cheti cha nje ni sawa na kipi cha kwetu?

SWALI: Mpwa wangu amemaliza sekondari Uvira, Kongo, kwa asilimia 62, na sasa anaishi nasi Kasulu. Amesoma miaka 12 tu, wakati kidato cha sita chetu ni mwaka wa 13. Atahesabiwa kidato cha nne au cha sita?

JIBU: Idadi ya miaka peke yake haiamui, ndugu yangu. Kinachotazamwa ni mtihani alioufanya mwishoni na mahali ambapo cheti chake kinamfikisha kule kwao. Diploma ya serikali ya Kongo hutolewa baada ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na mwenye nayo huruhusiwa kuomba chuo kikuu moja kwa moja, kwa hiyo kwa kazi yake inakaribia zaidi kidato cha sita. Hata hivyo, mwenye kauli ya mwisho ni Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ndilo hulinganisha vyeti vya sekondari vya nje. Kwa kuwa karatasi zake ni za Kifaransa, aandae tafsiri rasmi, na asitupe bulletini zake (ripoti za shule za matokeo) za miaka ya mwisho. Asilimia 62 isikutie shaka: kule mpaka wa kufaulu ni 50, na anayefika 70 husifiwa.

SWALI: Niko kidato cha sita hapa Ujiji. Shahada ya Marekani ya miaka minne ni nzito kuliko ya Uingereza ya miaka mitatu?

JIBU: La. Kijana wa England husoma kwa kawaida masomo matatu kwa miaka miwili kabla ya chuo, kama wewe na tahasusi yako, kwa sababu mfumo wetu una asili huko. Akiingia chuo anaanza fani yake mara moja. Mmarekani humaliza darasa la 12 akiwa amegusa masomo mengi, hivyo sehemu kubwa ya miaka yake ya mwanzo chuoni huenda kwa masomo ya jumla, na fani huweza kuichagua baadaye. Scotland nao, ingawa wamo Uingereza, husoma minne. Mfano wa jirani ni Kenya, ambayo kwa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo) ulioanza mwaka 1985 iliachana na kidato cha tano na sita, na shahada ikawa ya miaka minne. Sasa inahamia 2-6-3-3-3, yaani sekondari ya juu mitatu na chuo mitatu. Kwa maoni yangu Wamarekani wanamwonea huruma kijana wa miaka 18 asiyejua anachotaka, ila huruma hiyo ina ada ya mwaka mzima.

SWALI: Nina kidato cha nne tu. Naweza kusoma shahada India?

JIBU: Hapana. Wao hudai miaka 12 ya shule: kumi ya kwanza, kisha miwili ya sekondari ya juu. Wewe una 11.

SWALI: Ni kweli chuo Ujerumani ni bure?

JIBU: Vyuo vingi vya umma havitozi ada, isipokuwa hasa vya jimbo la Baden-Württemberg, ambalo tangu 2017 huwatoza wanafunzi wengi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Kinachowakwamisha wengi ni viza, kwa sababu lazima uthibitishe kwamba unazo fedha za kujikimu, ambazo kwa viwango vya karibuni ni euro 11,904 kwa mwaka. Shahada nyingi za kwanza hufundishwa kwa Kijerumani, na asiyekidhi masharti ya kuingia hupitia kwanza kozi ya maandalizi, ambayo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja.