Mwanafunzi Mgeni Mjini Kyoto: Mambo ya Kuarifu Kabla ya Wakati

Wanaojiandaa kwenda Japani kwa programu za kubadilishana wanafunzi huniuliza zaidi kuhusu lugha, baridi na bei ya vitu. Maswali hayo ni ya haki, lakini kwa niliyoyaona nilipokuwa mwanafunzi Kyoto, kinachotenganisha mwaka mwepesi na mwaka mgumu ni tabia moja ambayo wengi wetu hatukulelewa nayo, nayo ni kutoa taarifa kabla jambo halijatokea. Kwetu mtu akichelewa hupiga simu akiwa njiani, akihama huwajulisha watu akishafika, na mgeni hubisha hodi bila miadi na bado akakaribishwa chai. Japani utamaduni huo haukusaidii. Kuanzia ofisi za serikali hadi chumba cha maabara, aliyesema mapema hupokelewa vizuri, na aliyekuja kueleza baadaye hupata shida hata kama sababu yake ni ya kweli.

Taarifa ya kwanza huanzia uwanja wa ndege. Ukitua kwenye viwanja vikubwa kama Narita au Kansai utapewa kadi ya ukaazi papo hapo, na hapo ndipo pazuri pa kuomba ruhusa ya kufanya kazi za muda, kwa sababu viza ya mwanafunzi peke yake haikuruhusu kufanya kazi ya malipo. Iombe hata kama huna mpango wa kufanya kazi, kwani ukiikosa pale itakubidi uende ofisi ya uhamiaji na kusubiri. Ruhusa hiyo inakupa saa 28 kwa wiki wakati wa masomo na hadi saa 8 kwa siku katika likizo ndefu za chuo. Saa hizo huhesabiwa kwa jumla ya kazi zako zote, si kwa kila mwajiri peke yake, na hazitumiki katika kumbi za pachinko, yaani mashine za kamari za Kijapani, wala baa za wahudumu wa kuburudisha wateja, hata kama kazi yako ni kuosha vyombo jikoni.

Baada ya kupata makazi una siku 14 za kwenda ofisi ya kata kuandikisha anwani. Nenda na nusu siku nzima mkononi, ili umalize siku hiyo hiyo habari za bima ya afya ya taifa na pensheni. Bima hulipa asilimia 70 ya gharama za matibabu, nawe unalipa 30. Mchango wake hukadiriwa kwa kipato chako cha Japani cha mwaka uliotangulia, hivyo mwanafunzi mgeni hulipa kidogo. Ukiletewa fomu ya kutangaza kipato usiiweke kando ukidhani haikuhusu, maana asiyetangaza kwamba hana kipato anaweza kukosa punguzo hilo. Pensheni inamhusu kila mkaazi mwenye umri wa miaka 20 hadi 59, mgeni na mwenyeji, na anayeshindwa kulipa anatakiwa aombe msamaha au kuahirishiwa. Ukikaa kimya, deni linahesabika.

Kuhusu jina, fuata pasipoti. Watu wetu wengi wana majina matatu, na benki hutaka pia jina liandikwe kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia majina na maneno ya kigeni. Amua tahajia moja ya katakana siku ya kwanza, iandike kwenye daftari, na uitumie ile ile kwenye benki, simu na bima, kwa sababu tofauti ya herufi moja inatosha kuzuia fedha za ufadhili zisiingie kwenye akaunti.

Sasa nije kwenye takataka, ambazo wageni huzicheka mpaka zinapowakuta. Kyoto ina mifuko ya njano ya manispaa kwa taka za kuchomwa, iliyoanza kutumika mwaka 2006 na inayouzwa madukani kwa bei inayokaribia yeni moja kwa kila lita ya ujazo. Taka hizo huchukuliwa mara mbili kwa wiki, na mfuko unatakiwa uwe umeshatolewa kabla ya saa mbili asubuhi na kufunikwa kwa wavu, la sivyo kunguru wataufumua na kusambaza mabaki barabara nzima. Plastiki za vifungashio zina siku yake na mfuko wake unaoonyesha ndani, na makopo, chupa za vioo na chupa za vinywaji vina siku nyingine. Chupa ya maji huoshwa, ikavuliwa kizibo na karatasi yake ya jina, kisha hivyo viwili vikaenda kwenye mfuko wa plastiki. Mfuko ukichanganywa, wazoaji huuacha palepale ukiwa umebandikwa karatasi ya kueleza kosa, na katika kichochoro chenye nyumba kumi na mgeni mmoja tu, kila mtu anajua ni wa nani.

Ndiyo maana nashauri kwamba wiki ya kwanza uende kujitambulisha kwa majirani wa kushoto, wa kulia na wa chini yako. Mpe kila mmoja zawadi ndogo ya boksi la biskuti, taja jina lako na chuo unachosoma, na uulize siku za taka. Hata kama unazijua, uliza. Kuanzia hapo wewe ni mwanafunzi wa chuo fulani anayeishi nyumba ile, na jirani mwenye neno huja kwako kabla ya kwenda kwa mwenye nyumba. Nilipotaka kualika wenzangu kula pilau nilikwenda jana yake kumwarifu mama mtu mzima aliyekuwa akiishi ukuta kwa ukuta nami. Hakuuliza ni akina nani wala wako wangapi. Aliuliza tutamaliza saa ngapi, akachukua kalamu na kuiandika saa hiyo kwenye kalenda iliyokuwa ukutani, chini ya alama zake za siku za taka. Wageni wangu walitoka saa ile ile, na baadaye hata shughuli za Idi hazikuniletea neno.

Kelele zinazoleta malalamiko mara nyingi si za sherehe bali za simu za nyumbani. Japani iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 6, na hapa kuna urahisi ambao msemaji wa Kiswahili anaupata: namba unayoiona kwenye saa ya ukutani Kyoto ndiyo saa inayotajwa nyumbani wakati huo. Saa ya ukutani Kyoto ikionyesha 8 usiku, yaani saa mbili usiku kwa hesabu yetu, Dar es Salaam ni saa nane mchana. Lakini nyumbani watu hupata nafasi jioni, na magharibi ya Dar es Salaam ni usiku wa manane Kyoto, ambapo sauti ya mtu anayecheka na ndugu zake hupenya ukuta wa mbao bila kizuizi. Wazoeze ndugu kupiga siku za mapumziko, asubuhi yao, ambapo kwako ni alasiri.

Chuoni jambo ni lile lile, ila uzito wake ni mkubwa zaidi. Profesa wa Japani huvumilia jaribio lililoshindikana, lakini hafurahii kulisikia mara ya kwanza kwenye semina mbele ya wenzako. Mwandikie siku kadhaa kabla, hata mistari mitatu, useme umefika wapi na umekwama wapi. Ukiumwa, tuma ujumbe kabla muda wa kufika haujapita. Vyuo vingi humpangia mwanafunzi mgeni mwenyeji wa kumsaidia, na ndani ya maabara kuna senpai, yaani waliotangulia, ambao ndio wanaojua jinsi profesa anavyopenda kuulizwa. Wapitie wao kwanza. Sitasema utaratibu huu hauna walakini. Mara nyingine utajikuta unaomba ruhusa kwa mambo ambayo mtu mzima angeyaamua mwenyewe, na kuna siku nilichoka nao kabisa. Hata hivyo, aliyezoea kuarifu hupewa uhuru mwingi baadaye, na anayenyamaza hufuatwafuatwa mpaka mwisho.

Chakula si tatizo kubwa kama inavyosemwa. Migahawa ya ushirika wa vyuo ni nafuu, na baadhi yake ina vyakula vya halali. Maduka ya Gyomu Super huuza kuku wa Brazili waliogandishwa wenye alama ya halali, na jioni madukani vyakula vya siku hiyo hubandikwa karatasi ya nusu bei. Unga mweupe wa sembe ni adimu, hivyo wengi huuagiza kwa mtandao au kuutafuta kwenye maduka ya halali ya Shin-Okubo wakienda Tokyo. Kwa asiyekula nguruwe wala kunywa pombe, ugumu upo kwenye supu na viungo, kwa mfano mirin, ambayo ni divai tamu ya mchele inayotiwa kwenye mapishi mengi. Ukialikwa, sema usichokula wakati ule ule unapokubali mwaliko. Kusema ukiwa umeshaketi mezani kunamtia mwenyeji aibu ambayo haifutiki kwa kumwambia asijali. Vivyo hivyo, Ramadhani ikikaribia iarifu maabara yako kabla ya mwandamo, ili wasidhani unawakwepa wakati wa chakula cha mchana.

Kuhusu matetemeko, simu yako italia kwa sauti kali, pengine sekunde chache kabla mtikisiko haujafika, nawe utaingia chini ya meza. Jua mapema uwanja au shule iliyotengwa kwa kukimbilia, na weka karibu na mlango begi lenye maji, tochi na nakala ya pasipoti.

Ukienda nyumbani likizo kwa muda usiozidi mwaka, weka alama kwenye kisanduku cha nia ya kurudi katika fomu ya kuondokea uwanjani, usije ukapoteza hadhi yako ya ukaazi. Ukiondoka moja kwa moja, mwenye nyumba huhitaji taarifa ya mwezi mmoja kwa kawaida. Ofisi ya kata nayo inataka kujua kabla hujaondoka, nawe ulipe mchango wa bima uliobaki ndipo ufunge mkataba wa simu. Godoro na meza huondolewa kwa miadi, kwa kununua stika ya malipo na kuibandika, na mwezi Machi miadi hujaa kwa kuwa wanafunzi wote wanahama. Jokofu na mashine ya kufulia hazichukuliwi kwa njia hiyo kabisa, kwani sheria ya tangu 2001 inamtaka mwenye navyo alipie urejelezaji wake. Tafuta mwanafunzi wa kumrithisha vitu hivyo mwezi Februari, ukiwa bado unavitumia.