Mganga Akikwambia "Usimwambie Mtu"

Ujumbe ulioingia juzi usiku ni wa mama mwenye mtoto wa kifafa. Mganga amemwambia aache vidonge vya hospitali kwa kuwa "vinagombana na dawa", asimwambie hata mumewe, na apeleke malipo ya tatu kabla mwezi haujaandama. Anauliza kama huyo ni mganga wa kweli. Nitamjibu mwishoni, lakini wenye swali kama lake ni wengi, kwa hiyo nianze na jinsi matapeli wa uganga wanavyofanya kazi.

Watu hawatapeliwi kwa sababu ni wajinga. Wanatapeliwa kwa sababu wanaumwa, wamefiwa au wameachwa, na wameangukia mikononi mwa mtu aliyebobea kusoma hali hiyo. Kikao cha kwanza karibu chote ni maneno. "Kuna mtu wa karibu hakutakii mema. Mgongo au kichwa kinakusumbua. Kuna jambo lako limekwama." Nani hana hata moja kati ya hayo? Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini yameandikwa kwa ajili yake. Yalikuwa yale yale kwa wote. Walipopima usahihi wake kwa alama 0 hadi 5, wastani ulikuwa 4.26. Tapeli hurusha maneno mapana, hutazama uso wako unashtuka wapi, kisha hufuata njia hiyo. Ukitoka unasimulia kwamba "alijua kila kitu", umeshasahau kuwa jina la shemeji ulilitaja wewe.

Asichokipata usoni hukipata kwingine. Yule "mgonjwa mwenzako" kwenye benchi, anayekuuliza umetoka wapi na unasumbuliwa na nini, anaweza kuwa mtu wake. Picha na maoni yako mtandaoni nayo yanamtosha. Mwaka 1986 James Randi, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kufichua matapeli, alimfichua mhubiri wa Marekani, Peter Popoff, aliyekuwa akitaja majina na magonjwa ya watu ukumbini. Alikuwa na kifaa sikioni, na mkewe akimsomea kwa redio taarifa ambazo waumini walikuwa wamezitoa wenyewe.

Ukitaka kumpima, muulize habari za mtu asiyekuwepo. Kama huna kaka mkubwa, sema: "Na kaka yangu mkubwa je, amefanywa nini?" Akianza kukueleza, inuka uende zako.

Kisha yanakuja maajabu. Chukua yai linalopasuliwa na kutoka sindano au nywele. Yai hutobolewa tundu dogo, vitu hupenyezwa, tundu huzibwa kwa nta, na ganda zima hupakwa majivu ili kiraka kisionekane. Ndiyo maana yai hutoka kwake, au lako hupita kwanza mikononi mwake. Maji yanayogeuka "damu" mara nyingi ni bizari ya manjano iliyokutana na maji ya majivu au sabuni, na rangi hubadilika palepale. Mfupa "ulionyonywa" mwilini mwako ulikuwa shavuni mwake tangu mwanzo. Mwambie asukutue kinywa na akuoneshe kabla hajaanza, uone atakavyokasirika.

Lakini ushahidi ulio wazi kuliko yote uko kwenye malipo. Ya kwanza huwa kidogo, au bure kabisa. Baada ya hapo ugonjwa unakua: ni jini, kumbe ni majini saba, kumbe yamefunga ukoo mzima. Kila malipo huitwa ya mwisho. Ukisema huna, anakutajia kifo cha mtoto. Wanaoahidi kuzidisha fedha hukufungia bahasha na kukuambia usiifungue kwa siku saba. Ndani mna karatasi, na siku saba ni za wao kutoweka. Amri ya kunyamaza inafanya kazi hiyo hiyo. Dada yako angesikia hesabu hiyo angekushika mkono, na tapeli analijua hilo.

Kuna mambo mawili ambayo hata moja tu linatosha kukuondoa bila kuaga. La kwanza ni kukuachisha dawa. Mwenye kisukari anayeishi kwa insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache, na anayekatisha dawa za kifua kikuu anaweza kupata kifua kikuu sugu kwa dawa. La pili ni kukutaka uvue nguo, ulale naye "ili dawa iingie", au utume picha za utupu. Hakuna tiba ya namna hiyo, na picha hizo ndizo atakazokutishia nazo kesho.

Kama umeshalipa, usilipe tena hata kidogo. Hifadhi ujumbe, namba na risiti zote kabla hujamfungia. Kama ulituma kwa simu, piga huduma kwa wateja saa hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, kwani fedha ikishatolewa ni vigumu kuirudisha. Kisha nenda polisi. Na ujihadhari na atakayekutafuta wiki ijayo akidai anaweza kukurudishia fedha zako kwa ada ndogo: mara nyingi ni yule yule, au kauziwa namba yako.

Sasa nakujibu wewe, mama. Huyo ni tapeli. Leo, si kesho, piga simu au nenda kliniki inayomtibu mwanao, useme ameacha vidonge tangu siku gani. Wao ndio watakaokuambia aanze na dozi ipi, kwa sababu baadhi ya dawa za kifafa zikikatizwa hurudishwa kidogo kidogo. Kifafa kikimshika, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na tazama saa. Kikizidi dakika 5, au kikirudia kabla hajapata fahamu, mkimbize hospitali. Na mumeo mwambie usiku huu.