Maswali ya Wasomaji: Je, Mtoto wa Dhehebu Aachwe na Furaha Yake?

SWALI: Ninaandika riwaya kuhusu msichana wa miaka 13 aliyezaliwa ndani ya dhehebu lililojitenga na dunia. Anaimba, anacheza, anapendwa, na hajui kwamba viongozi wanawadanganya. Waliousoma mswada wamegawanyika: mmoja anataka ajue ukweli na kutoroka, mwingine anasema nimwache na furaha yake, kwani asiyejua maana haambiwi maana. Nimfuate yupi? – Msomaji, Malindi.

JIBU: Ndugu yetu wa Malindi, wasomaji wako wamekubaliana katika jambo moja ambalo mimi silikubali, nalo ni kwamba msichana huyu hajui. Mtoto anayelelewa na watu wazima wenye siri huwa ameshaona mengi: nani alitoweka na jina lake halitajwi tena, mama anavyonyamaza kiongozi anapopita, swali lipi likiulizwa chumba chote hutulia. Anachokosa ni maneno ya kuyaunganisha hayo.

Kazuo Ishiguro aliliona jambo hili katika riwaya yake ya mwaka 2005, Never Let Me Go, ingawa pale hapana dhehebu bali shule ya bweni ya Uingereza, Hailsham, ambayo wanafunzi wake wameumbwa ili baadaye viungo vyao vitolewe kwa wagonjwa. Mlezi wao, Miss Lucy, anapowaeleza waziwazi, watoto hawashtuki sana. Tommy anakisia sababu: kila habari ilipangwa iwafikie mapema kidogo kuliko umri wa kuielewa, ikapokewa bila kuchunguzwa. Hata kifo kina jina la upole, huitwa kukamilika. Mwishoni mkuu wa shule anajitetea kwamba waliwapa utoto, na utetezi huo unaniuma kwa sababu una ukweli ndani yake. Raha ile ilikuwepo. Ila waliowachagulia watoto hali ya kutojua ni watu waliojua, na hao ndio ningependa riwaya yako iwahoji.

Wewe unaandika karibu na Shakahola, msitu wa Kilifi ambako tangu mwaka 2023 zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa dhehebu moja ilifukuliwa, mingi ikiwa ya watoto, na huko kufa kwa njaa kuliitwa kufunga. Litazame neno hilo kwa makini. Katika Kiswahili chetu hufunga mwenye saumu, hufungwa mlango, na hufungwa mtu gerezani. Lakini mtoto uliyemuumba amelisikia kwa maana ya ibada peke yake. Ningekuwa wewe, nisingemleta mwokozi wa kumhutubia. Ningempeleka dukani kununua chumvi, amsikie mwenye duka akimwambia mwanawe, "Funga mlango, tunafunga," na nikae naye hapo kurasa nyingi, neno likimzunguka kichwani pamoja na mambo yote aliyowahi kuyaona, hadi ashindwe kulitumia kama alivyolitumia asubuhi.

Iwapo ataondoka, usiifute furaha yake ya zamani ili kumridhisha msomaji wa kwanza. Mwache, miaka mingi baadaye, ajikute akifua nguo huku akiimba wimbo wa kule, akasirike kwamba bado anaupenda, na aumalize mpaka ubeti wa mwisho.