Maswali ya Wasomaji: Nyumba ya Vyumba Sita na Ghorofa la Jirani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Ilala, Kariakoo na Magomeni, Dar es Salaam, na karibu zote zina kilio kimoja: nyumba za zamani zinabomolewa, maghorofa yanapanda, na waliokuwepo hawajui wamesimama wapi. Tumechagua nne. Majibu yametolewa na wakili wa ardhi, mthamini na mhandisi wa majengo.

Marehemu baba ametuachia nyumba ya Kiswahili hapa Ilala, vyumba sita na uani. Watoto tuko watano. Kuna mfanyabiashara anataka ubia: yeye ajenge ghorofa nane, sisi tupate asilimia 30. Kaka yetu ndiye msimamizi wa mirathi, na anataka tusaini wiki hii. Tufanyeje? (Binti wa Ilala)

Wiki hii msisaini kitu, dada yetu. Mfanyabiashara mwenye haraka mara nyingi ana kiwanja kingine mkononi, na mkichelewa kwa sababu za maana atawasubiri au atakwenda zake. Yote mawili si msiba.

Anzeni na hati. Je, bado ina jina la baba? Kama ndivyo, kaka apeleke nakala ya uteuzi wake wa mahakama kwa Msajili wa Hati, aandikishwe kwa maneno kamili: "kama msimamizi wa mirathi". Maneno hayo yakikosekana, hati itasomeka kana kwamba nyumba ni yake peke yake, na mjenzi au benki wataichukulia hivyo. Kama aliteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, alipaswa kurudisha orodha ya mali ndani ya miezi minne. Muulizeni kama alifanya hivyo. Kisha nyumba ihamishiwe majina ya warithi wote kwa umiliki wa hisa, kila mmoja sehemu yake imetajwa. Msikubali umiliki wa pamoja usio na hisa, kwa kuwa huko anayefariki fungu lake huangukia waliobaki badala ya watoto wake.

Sasa hiyo asilimia 30. Ya nini? Ya eneo, ya kodi ya pango, au ya thamani? Hapa ndipo familia nyingi hupigwa. Asilimia 30 ya eneo katika jengo la ghorofa nane ni kama ghorofa mbili na kipande, na mjenzi atawapa za juu kabisa. Pesa ya mtaa wa biashara iko chini, kwenye fremu za maduka zinazotazama barabara. Ghorofa ya saba yenye lifti inayoharibika kila mwezi hukaa bila mpangaji, na anayekuja hulipa kodi ya huruma. Kwa hiyo msiandike asilimia. Andikeni vitu: fremu namba 1 hadi 3 upande wa barabara, ghorofa ya pili yote, maegesho mawili. Michoro iambatanishwe na kila ukurasa usainiwe na pande zote mbili. Mthamini aliyesajiliwa akadirie thamani ya kila sehemu kabla hamjagawana. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na kupoteza fremu moja.

Msisahau vitu ambavyo havionekani kwenye mchoro: paa (mnara wa simu na bango la tangazo hulipa kodi kila mwaka), mita za umeme, tangi la maji, ngazi, na nani analipa mlinzi. Andikeni pia kwamba mjenzi haruhusiwi kuongeza ghorofa juu ya zile za kwenye kibali, hata mkiahidiwa fungu. Ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilipoporomoka Machi 2013 walikufa watu 36, na Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaua wengine zaidi ya 25. Nguzo hupimwa kwa mzigo uliokusudiwa, na kila sakafu ya nyongeza ni mzigo usio na mwenyewe kwenye hesabu ya mhandisi.

Hati ikae kwa wakili wenu. Mjenzi akileta hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu asaini kwa niaba yenu, ili "asihangaike kuwatafuta kila mara", someni neno kwa neno. Yakiwemo maneno ya kuweka rehani au kuuza, msisaini. Wapo wanaojenga kwa mkopo wa benki kwa dhamana ya kiwanja chenu. Akishindwa kulipa, benki inauza kiwanja, na fremu zenu zimo humo. Mkataba ukishasainiwa, wakili aweke zuio kwa Msajili ili hati isiguswe bila ninyi kujulishwa.

Mengine ya lazima: tarehe ya kumaliza na faini ya kila mwezi wa kuchelewa, kodi ya pango ya mama, kama yupo, na ya yeyote anayehamishwa, ilipwe na mjenzi mpaka siku ya kukabidhiwa funguo, na kitakachotokea akikwama ghorofa ya nne. Jengo likikamilika, kila sehemu ikatiwe hati yake chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008. Bila hizo hati mtabaki na karatasi ya ubia na ugomvi wa kila mwaka. Na sehemu mtakayomhamishia mjenzi, Mamlaka ya Mapato (TRA) wataiona kama mauzo: kwa mkazi, kodi ni asilimia 10 ya faida, na ushuru wa stempu ni asilimia 1. Mkataba useme nani analipa, la sivyo bili itakuja kwenu.

Kama mmoja wenu ana mume au mke anayeishi humo, ridhaa yake kwa maandishi inahitajika pia.

Zamani jioni wazee walikaa barazani, wanawake wakasukana nywele. Sasa kila nyumba mtaani ni fremu za vipodozi na simu. Nani ameruhusu? (Mzee wa Gerezani)

Shikamoo mzee. Kwa sehemu kubwa hakuna aliyeruhusu. Ramani ya nyumba yenyewe ndiyo iliyoifanya kazi iwe rahisi. Nyumba ya Kiswahili ina ukumbi katikati kutoka mlango wa mbele hadi uani, vyumba vitatu kila upande. Viwili vya mbele vina madirisha ya barabarani. Mwenye nyumba akivunja dirisha moja na kuweka mlango wa chuma, anapata kodi inayoweza kuzidi ya vyumba vinne vya nyuma. Jirani anaona. Mwaka haujaisha naye amevunja. Baraza linawekewa vigae vya kupangia bidhaa, ukumbi unageuka stoo, na wapangaji wa nyuma wanapita kwenye kichochoro. Mwisho wanahama, uani nao unakuwa ghala, na hapo nyumba haina tena mtu wa kuketi barazani hata kama baraza lingebaki.

Kisheria, kubadili matumizi kutoka makazi kwenda biashara kunahitaji idhini ya manispaa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Na baraza nyingi ziko ndani ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo si mwenye nyumba wala mpangaji wa fremu aliye na haki ya kulizungushia nondo. Malalamiko yaende ofisi ya mipango miji yakiwa na namba ya kiwanja na kitalu, picha, na muhuri wa mtendaji wa mtaa. Barua isiyotaja namba ya kiwanja huishia kwenye faili. Lakini tuwe wakweli: ikiwa mtaa mzima umeshageuka, manispaa huwa inarasimisha, haibomoi.

Tahadhari moja kwa wanaovunja. Ukuta wa mbele, hasa wa miti na udongo uliopigwa plasta ya saruji, unabeba paa. Dirisha la mita moja likipanuliwa kuwa mlango wa mita mbili bila lenta ya zege (boriti ya juu ya mlango) iliyokalia ukuta angalau sentimita 20 kila upande, ukuta utashuka.

Nimepanga chumba na sebule Magomeni, 150,000 kwa mwezi, na nimelipa miezi sita. Nyumba imeuzwa nikiwa mwezi wa pili tu. Mnunuzi anasema nitoke ndani ya wiki mbili kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa na mwenye nyumba wa zamani. Na wale wa Kota si walirudishiwa nyumba? (Mama Zuhura)

Mama Zuhura, kuuza nyumba hakufuti upangaji wako. Mnunuzi amenunua nyumba pamoja na wewe ndani yake, na anakaa kwenye nafasi ya muuzaji. Miezi yako sita ni yako. Hata ungekuwa unalipa mwezi kwa mwezi, notisi isingepungua mwezi mmoja, na ingeishia siku ya kulipa kodi. Mkataba wa mdomo wa mwaka mmoja au chini ya hapo nao ni halali. Ushahidi ni risiti au ujumbe wa malipo ya simu. Usiufute.

Kukutolea vyombo nje, kung'oa bati au kukata umeme bila amri ya chombo cha sheria hakuruhusiwi. Nenda kwanza Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa ndani ya siku 30, unafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usipoteze muda kwa mjumbe.

Ila ujue kikomo cha haki yako. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, kwa hiyo miezi sita ikiisha anaweza kutaja kodi anayotaka. Wale wa Magomeni Kota, kaya 644, walikuwa kwenye nyumba za serikali. Walikaa nje takribani miaka kumi kabla majengo mapya hayajazinduliwa Machi 2022. Mpangaji wa mtu binafsi hana haki hiyo.

Kwa hiyo tumia miezi uliyonayo kama karata. Akitaka utoke mapema, akurudishie kodi ya miezi iliyobaki na gharama za gari la kuhamisha, pesa mkononi kabla ya kukabidhi ufunguo. Kabla ya kukimbilia chumba cha bei nafuu Chanika au Kivule, piga hesabu ya nauli. Tuseme ni 1,500 kila upande: kwa siku 26 za kazi ni 78,000. Chumba cha 80,000 kule kinakugharimu zaidi ya unacholipa sasa, na saa tatu njiani hatujazihesabu.

Jirani anachimba msingi wa ghorofa, ukuta wangu umeanza nyufa. Mkandarasi anasema ni nyufa za zamani. (Msomaji, Kariakoo)

Mengi ya maeneo hayo ni mchanga, maji yako karibu, na misingi ya nyumba za zamani haifiki kina kirefu. Shimo likichimbwa wima chini ya msingi wako, mchanga unateleza kuelekea huko. Pampu ya maji nayo ikifyonza huku maji yakitoka na rangi ya udongo, inabeba ardhi iliyo chini yako.

Leo hii: piga picha kila ukuta, rula ikionekana pembeni ya ufa. Weka alama ya penseli kwenye ncha zote mbili za ufa pamoja na tarehe. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa plasta. Kikipasuka, ukuta unatembea, na ubishi wa "nyufa za zamani" umekwisha. Nyufa za mshazari kutoka kona za dirisha, na mlango unaoanza kukwama, ni dalili za msingi kushuka. Ufa ukizidi milimita 5, au ukikua ndani ya wiki, hamisha wanaolala chumba hicho na umwite mhandisi.

Soma bango la ujenzi: jina la mhandisi na mkandarasi, namba zao za usajili. Zihakiki kwenye bodi zao, ERB ya wahandisi na CRB ya makandarasi. Kama hakuna bango, anza hapo hapo manispaa, maana wanaweza kusimamisha kazi siku hiyo hiyo. Dai kwa maandishi kwamba kingo za shimo zishikiliwe kwa nguzo na mbao au ukuta wa zege, na kwamba uchimbaji upande wako ufanywe kwa vipande vifupi, kimoja kijazwe ndipo kingine kichimbwe.

Jirani atakuja na fundi wa kuziba nyufa kwa plasta bure. Mkatalie mpaka vipimo vya wiki nne mfululizo visibadilike, na msingi wake uwe umeshapanda juu ya ardhi.