Sanduku liacheni tupu

Wiki hii mmeuliza: anayetaka kuwasaidia wanawake maskini wa nchi ya mbali apeleke pesa, mbuzi au cherehani? Mimi nasema alipe mshahara wa mwalimu wa kikundi cha kuweka na kukopa, basi.

Mfano mzuri ni Maradi, kusini mwa Niger. Huko ndiko shirika la CARE lilikoanzisha mwaka 1991 vikundi vya Mata Masu Dubara, yaani, kwa Kihausa, wanawake wenye mbinu. VICOBA vyetu, yaani benki za jamii za vijijini, ni wajukuu wa vikundi hivyo. Wanachama wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu ziliwekwa kichwani; vijitabu vya akiba vya kugongwa mihuri vilikuja baadaye.

Wanachama ni 15 hadi 25, nao huchaguana wenyewe. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo hukaa kwa watu watatu, sanduku kwa wa nne. Wenye funguo wasiwe wa nyumba moja, la sivyo kufuli tatu ni sawa na moja.

Tuseme hisa ni faranga 200, na kila mkutano mtu hununua moja hadi tano. Wanawake 20 wakinunua wastani wa hisa tatu kwa wiki 36, zinapatikana hisa 2,160, yaani faranga 432,000. Tozo za mikopo zikiingiza 108,000, mwisho wa wiki hizo pesa zote hugawanywa, na kila hisa hupata 250. Aliyenunua tano kila wiki aliweka 36,000, anabeba 45,000. (Tozo waamue wenyewe; wapo wasiotaka riba kabisa.)

Mfadhili mwenye haraka hutia mtaji mwezi wa kwanza. Hapo ndipo mambo huharibika. Pesa ya jirani hurudishwa kwa sababu jirani mwenyewe utakaa naye mkeka mmoja wiki ijayo; ya mfadhili huhesabiwa zawadi. Tena wenye sauti hukopa kwanza, na mkopo huzidi mara tatu ya akiba, kiasi ambacho biashara ya maandazi haiwezi kukirudisha.

Mwalimu aje kila wiki kwa miezi mitatu, kisha apunguze. Asishike pesa, ufunguo wala kalamu ya kitabu. Pesa ikibaki, mpelekeni kijiji cha pili.

Mgao nao upangwe Mei, ghala za uwele zinapokaribia kuisha na mvua haijaanza. Mikopo yote irudi wiki nne kabla. Anayedaiwa akatwe kwenye hisa zake, mbele ya wote.