Swali la lugha: "ya kurithi" na "ya kuzaliwa nayo" ni kitu kimoja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasomea udaktari wa mifugo hapa Morogoro, nimepewa kazi ya kuandika maelezo mafupi kwa watu wanaofuga vijibwa vidogo aina ya Chihuahua, kuhusu ubongo uliokosewa kuumbika tangu tumboni. Niliandika "tatizo la kuzaliwa nayo", mwenzangu akafuta akaweka "ugonjwa wa kurithi", eti ni kilekile. Nani kapatia? Na "kichwa kikubwa" inafaa kwa mbwa?

Marahaba mwanangu. Mwenzako kakosea maana, wewe umekosea sarufi kidogo tu, kwa hiyo tuanze na yeye.

Ukisema "kurithi" unataja kitu kimetoka kwa nani. Ukisema "kuzaliwa nacho" unataja kimeanza lini, yani alipotoka tumboni kilishakuwepo, basi, hujasema kimetoka wapi. Sasa hayo mawili mara nyingi yanakutana lakini sio lazima, mfano tuwaache mbwa kidogo twende kwa paka: paka mwenye mimba akipata virusi vya panleukopenia, watoto wanaweza kuzaliwa na ile sehemu ya nyuma ya ubongo inayoshika mizani ya mwili ikiwa imedumaa, wanatembea kama wamelewa maisha yao yote. Wamezaliwa nayo kabisa, ila hawajarithi kwa mtu, wameambukizwa tu humo humo tumboni. Alafu geuza upande wa pili, kuna jamii za mbwa ambazo kifafa kinatembea kwenye damu, ni cha kurithi, lakini mtoto anazaliwa mzima na kifafa mara nyingi kinaanza kati ya miezi 6 na miaka 6, na ukimpiga MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ubongo unaonekana hauna kasoro. Huyo karithi, ila huwezi kusema kazaliwa anaanguka. Na usidhani ni ubishi wa walimu wa lugha tu, maana mwenye mbwa akisoma "kurithi" kesho yake yuko mlangoni kwa aliyemuuzia anadai hela yake.

Haya sasa wewe. Hiyo -o ya mwisho inafuata ugonjwa, haimfuati mbwa wala haigandi kwenye "nayo" kila mahali kama watu wanavoandika siku hizi: tatizo la kuzaliwa nalo, ugonjwa wa kuzaliwa nao, kilema cha kuzaliwa nacho, kasoro ya kuzaliwa nayo. Mimi ningechukua kasoro. Ugonjwa kwa masikio ya wengi ni kitu kimekuja na kinaweza kuondoka kwa sindano, na ubongo uliojengwa vibaya hauko hivo.

Kuhusu kichwa kikubwa, kwa watoto wetu hilo jina limeshakubalika, mabango ya kliniki yameandikwa "kichwa kikubwa na mgongo wazi" na kila mama anaelewa. Inaeleweka kwa sababu mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijashikana, maji yakijaa ndani yanasukuma na kichwa kinakua kweli. Kwa Chihuahua hapo ndo shida, huyu kichwa chake ni duara kama nazi hata akiwa mzima, na fuvu likishafunga maji yanaweza kujaa na kichwa kisiongezeke hata kidogo. Andika "maji kujaa kwenye ubongo". Ila usije ukafupisha ukaandika "kichwa maji", hilo ni tusi, umemwita mbwa wa watu punguani.

Neno "utosi" lichukue lilivyo, linafaa kwa mbwa kama linavyofaa kwa mtoto. Waeleze utosi ukiwa haujafunga daktari anaweza kupitisha ultrasaundi hapo akaona vyumba vya maji vya ndani ya ubongo vimetanuka, bila nusu kaputi, wakati MRI lazima mbwa alazwe usingizi. Waambie pia utosi wazi peke yake sio ugonjwa, na vyumba vipana peke yake sio ugonjwa, wapo vijibwa wa hivyo wanakula na kucheza vizuri tu.

Kwenye picha uwe makini na rangi. Usiandike "weupe kwenye ubongo" kama jina la maji. Kwenye picha ya MRI inayoitwa T2 maji ni meupe, kwenye T1 maji hayohayo ni meusi, na kwenye siti-skani meupe ni mifupa. Taja picha kwanza ndo utaje rangi.

Na hapa nakuonya kabla hujateleza: kuna kasoro inajulikana kwa mbwa wa Lhasa Apso, ubongo unakosa ile mikunjo yake, kwenye picha unaonekana tambarare na gamba lake nene. Utashawishika kuandika "ubongo laini". Laini kwetu ni isiyo na mikwaruzo na pia ni teketeke, msomaji ataona ubongo umeiva kama ndizi. Andika "ubongo usio na mikunjo", refu lakini salama. Vilevile wale Cavalier King Charles Spaniel, ambao fuvu la nyuma linakuwa finyu mpaka ubongo unasukumwa kwenye tundu la kutokea uti wa mgongo, usiseme ubongo "umeanguka", sema umebanwa ukasukumwa, maana ukisema umeanguka mtu ataanza kukumbuka siku mbwa alipodondoka kwenye kochi.

La mwisho hukuliuliza lakini najua litakufika: mtoto wa mbwa anaitwa kilebu, kamusi inalo, mtaani hawalijui. Lakini "mtoto wa mbwa" kwenye kichwa cha habari kwa herufi kubwa, hapana, weka "kitoto cha mbwa" au rudisha tu kilebu na maelezo kidogo pembeni.